Bibi, Mkulima, Mgombea na Safari ya Mtoni: Kuchagua Filamu Moja kati ya Sita

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniuliza hivi karibuni swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu kikundi chetu kianze kuonyesha filamu katika ukumbi wa kukodi hapa Tanga. Alikuwa na usiku mmoja tu, projekta ya kuazima, na watu wasiozidi mia moja, yaani wanafunzi wa kidato cha tatu pamoja na wazazi au walezi wao. Alitaka filamu inayosimulia maisha ya watu waliofikwa na mazito wakayavuka, lakini isiyowafanya watu hao kuwa vitu vya kuonewa huruma. Sikumjibu siku hiyo, kwa sababu jibu la swali kama hilo hutegemea zaidi watakaokaa kwenye viti kuliko filamu yenyewe, na nilihitaji kwanza kujua ni akina nani.

Nilimwandikia baadaye ulinganisho wa filamu sita ambazo nimezitazama zaidi ya mara moja, na ambazo baadhi yake tumezionyesha sisi wenyewe: The Letter (2019), In the Shadow of the Sun (2012), Softie (2020), Thank You for the Rain (2017), En route pour le milliard (2020) na Supa Modo (2018). Tano za kwanza ni filamu za makala, ambazo wengi tunaziita dokumentari, na ya sita ni ya kuigiza. Zimepigwa Kenya, Tanzania na Kongo, na katika zote Kiswahili kinasikika, hapa kingi, pale kichache. Urefu si hoja ya kuchagulia, kwa kuwa zile za makala zinakaribiana na saa moja na nusu kila moja, na Supa Modo ni fupi zaidi kwa dakika kama kumi na tano.

Lugha, kamera, na vichwa vinavyogeuka

Watu wengi huchagua filamu kwa kutazama mada, kwamba anayetaka kuzungumzia ukame huchukua filamu ya ukame, na anayetaka kuzungumzia uchaguzi huchukua ya uchaguzi. Mimi huanza kwingine. Huanza na lugha inayosikika, kisha huuliza ni nani aliyeshika kamera na alikaa na wahusika kwa muda gani, na mwisho hujiuliza ni nani ndani ya ukumbi ambaye wenzake watamgeukia pindi filamu itakapoanza kusema.

Kuhusu lugha, The Letter ndiyo inayoturahisishia kazi sisi wa pwani, kwa sababu wahusika wake wanazungumza Kiswahili cha huku huku pamoja na Kimijikenda, na katika mkoa wetu wapo Wadigo wa Mkinga, nao ni Wamijikenda, ambao husikia hata yale yanayosemwa pembeni na kucheka kabla ya wengine. In the Shadow of the Sun nayo ina Kiswahili kingi cha Tanzania, ingawa Kiingereza kinachukua nafasi yake. Softie inakwenda kwa mwendo wa Nairobi, ambako sentensi moja huanza kwa Kiingereza na kumalizikia katika Sheng. Thank You for the Rain inachanganya Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, na En route pour le milliard ina Kiswahili cha Kisangani kinachopishana na Kilingala, hivyo kwamba mtazamaji wa Tanga hushika maneno, hupoteza mengine, kisha huyapata tena.

Nakala tulizopata sisi zilikuwa na manukuu ya Kiingereza, na manukuu huugawa ukumbi: waliokaa mbele na wanaosoma haraka wanafuata hadithi, na waliokaa nyuma wanabaki kutazama midomo. Ufumbuzi wetu ulikuwa ule ule wa vibanda vya video, wa mtu kusimama pembeni na kipaza sauti akitafsiri, kazi ambayo marehemu Lufufu aliifanya kuwa sanaa hapa Tanzania, kama DJ Afro kwa Wakenya na VJ Jingo kwa Waganda. Tahadhari ni kwamba kijana aliyezoea kutafsiri filamu za mapigano huja na tabia zake. Kijana wetu, katika onyesho la The Letter, alimtangaza mjukuu kuwa ndiye steringi na mmoja wa wanaukoo kuwa ndiye adui, na ukumbi ukachangamka kwa dakika chache, hadi mzee mmoja aliposema kwa sauti kwamba pale hakuna adui, pale ni nyumbani kwa watu. Tangu siku hiyo mtafsiri huitazama filamu mara mbili kabla ya onyesho, na neno steringi limepigwa marufuku.

Filamu mbili zinazogusa uchawi, zisizofanana hata kidogo

The Letter na In the Shadow of the Sun huwekwa kapu moja na watu wasiozitazama, kwa kuwa zote mbili zinahusu imani za uchawi na watu wanaohatarishiwa maisha kwa sababu yake. Ukizitazama kwa karibu utaona kwamba zinamtaka mtazamaji afanye kazi mbili tofauti.

The Letter iliongozwa na Maia Lekow, ambaye pia ni mwanamuziki wa Kenya, pamoja na mwenzake Christopher King. Karisa, kijana anayeishi Mombasa, anapata habari kupitia Facebook kwamba bibi yake kijijini anaitwa mchawi. Anarudi nyumbani kuchunguza, na kadiri anavyouliza ndivyo anavyogundua kwamba tishio halitoki kwa watu baki, bali limo ndani ya ukoo wenyewe, na kwamba nyuma ya maneno ya uchawi kuna ardhi. Bibi mwenyewe, aliyekwisha kupita umri wa miaka 90, hana unyonge wowote. Yuko shambani, ana maneno makali panapohitajika, na anawajua wote wanaomzunguka tangu walipozaliwa. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba watengenezaji hawakumkimbiza mtu yeyote na kamera. Walikaa na familia ile kwa miaka, na ndiyo maana wanaukoo wanabishana mbele yao kama vile hawapo. Mwaka 2020 Kenya iliichagua filamu hii kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, lakini sifa hiyo ina uzito mdogo kwangu kuliko kikao cha familia tunachokishuhudia, ambapo kila mtu anajua anachotaka kusema na karibu kila mtu anazunguka zunguka kabla ya kukisema.

Filamu hii inagusa jambo ambalo katika kaunti ya Kilifi limegharimu maisha ya wazee wengi, kiasi kwamba baadhi yao wamekuwa wakipaka nywele rangi kuficha mvi. Sisi Watanzania hatuna haki ya kuitazama kama habari za jirani, kwa kuwa Usukumani, Shinyanga na kwingineko, akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu huo huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

In the Shadow of the Sun ni ya Mwingereza Harry Freeland, aliyeirekodi kwa miaka sita nchini Tanzania, katika kipindi ambacho mauaji ya watu wenye ualbino, waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao, yalitikisa Kanda ya Ziwa. Ina wahusika wakuu wawili. Wa kwanza ni Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, anayeamua kwenda kuzungumza na watu katika maeneo ambako wauaji huenda wamekaa miongoni mwa wasikilizaji. Wa pili ni kijana wa kisiwa cha Ukerewe ambaye hana matakwa makubwa. Anataka kusoma tu, na kila hatua ya kusoma kwake ni vita. Ushujaa wa Torner ni wa wazi na unajaza skrini. Ule wa kijana ni wa kimya, na binafsi huo ndio unaobaki nami, kwa sababu unaonyesha kwamba panga si hatari pekee. Kuna jua linalochoma ngozi hadi saratani, kuna ubao wa darasani usioonekana kutoka dawati la nyuma, na kuna jina. Wakati ule mtaani watu wenye ualbino waliitwa "dili", neno la kibiashara, na mtu aliyekwisha kuitwa hivyo anajua kwamba mwitaji anapiga hesabu.

Kwa ubora wa picha na uzito wa mada, ungeweza kusema filamu hii inafaa kuonyeshwa popote. Hapo ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza tulipoionyesha, mama mmoja alikuwa ameketi safu ya tatu na mwanawe wa kiume mwenye ualbino, wa miaka minane hivi, aliyekuwa ameweka kofia yake pana mapajani. Filamu haijatimiza dakika kumi, vichwa vikaanza kugeuka. Hawakugeuka kwa ubaya; waligeuka kwa huruma, na huruma ya watu themanini kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa mtoto mmoja. Niliona anaichukua kofia na kuivaa, ndani ya ukumbi, gizani. Baada ya muda mama yake alimshika mkono wakatoka. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Kwa hiyo tofauti kati ya hizi mbili, kwa anayechagua, ni hii. The Letter inawafaa watu wanaoweza kujiona kwa wanaotuhumu, kwa maana karibu kila mmoja wetu ana ukoo wenye mgogoro wa shamba na maneno yanayosemwa jikoni kuhusu shangazi fulani. In the Shadow of the Sun inawafaa wasiojua na wanaopaswa kujua, yaani walimu, watendaji wa mitaa, wanafunzi wa ualimu na wahudumu wa afya. Ukiwaonyesha hao, mjadala unahamia kwenye mafuta ya kujikinga na jua na nafasi ya kukaa darasani, mambo ambayo wana uwezo wa kuyafanyia kazi kesho yake. Ukiionyesha mahali ambapo kuna mtoto mmoja mwenye ualbino na watu tisini na tisa wasio nao, umemweka mtoto yule jukwaani bila ridhaa yake. Zungumza na familia kwanza, na wakisema hapana, chagua nyingine.

Wanaume wawili wa Kenya, na wake zao

Softie na Thank You for the Rain zinaonekana kuwa mbali kabisa: moja ni ya jijini Nairobi, moja ni ya mashamba makavu ya Mutomo katika kaunti ya Kitui, moja ni ya siasa, moja ni ya mvua. Nimezitazama kwa kufuatana, jioni mbili mfululizo, na nikaona kwamba ni hadithi moja inayosimuliwa mara mbili, ya mwanamume anayetoka kwenda kuiokoa jamii na mwanamke anayebaki kuiokoa nyumba.

Katika Softie, ya Sam Soko, tunamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha za habari aliyerekodi ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na ambaye picha zile hazikumwacha akae kimya. Anakuwa mwanaharakati, mwaka 2013 yumo katika maandamano ya Nairobi ambapo nguruwe na damu vilifikishwa mbele ya Bunge kuwasema wabunge walafi, na mwaka 2017 anagombea ubunge wa Starehe kwa kampeni isiyogawa pesa. Sehemu hiyo ya kampeni inachekesha na kuumiza kwa wakati mmoja, kwa sababu wapiga kura wanampenda, wanampongeza, kisha wanamuuliza amewaletea nini. Anashindwa na mwanamuziki Jaguar. Lakini uti wa mgongo wa filamu ni mazungumzo ya Boniface na mkewe Njeri kuhusu nini kitangulie, nchi au familia. Boniface anasema nchi. Njeri, ambaye vitisho vinamlazimu kuondoka na watoto watatu kwenda Marekani kwa muda, hana anasa ya kulijadili swali hilo kwa nadharia. Katika tamasha la Sundance la mwaka 2020 filamu ilipewa tuzo maalumu ya uhariri, na ukiitazama utaona kwa nini: picha za miaka mingi zimepangwa hivi kwamba kila mara Boniface anapopata makofi barabarani, tunarudishwa nyumbani kuona makofi hayo yamelipiwa na nani.

Thank You for the Rain ni ya mkurugenzi wa Norway, Julia Dahr, akishirikiana na mkulima Kisilu Musya, na neno kushirikiana si la adabu tu. Kisilu alipewa kamera akarekodi mwenyewe familia yake, kijiji chake na hali ya hewa, kwa miaka kadhaa. Tofauti inaonekana tangu mwanzo, kwa sababu picha zinapigwa na mtu ambaye akimaliza kurekodi anaweka kamera chini na kushika jembe. Usiku dhoruba inapoipiga nyumba yake na kuondoa paa, hatuoni picha nzuri zilizopangiliwa. Tunaona kamera ikitetemeka mikononi mwa baba ambaye hajui aendelee kurekodi au akamate bati. Sijaona picha nyingine inayoeleza mabadiliko ya tabianchi kwa ufupi namna hiyo. Baadaye Kisilu anaanzisha vikundi vya wakulima, anahamasisha upandaji miti, na mwaka 2015 anajikuta Paris kwenye mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi. Huko, katika kumbi zenye kapeti, anagundua kwamba kualikwa kusema si sawa na kusikilizwa. Na huku nyuma mkewe amebaki na watoto, maji, kuni na shamba, na hafichi kwamba harakati za mumewe zimemwongezea kazi juu ya kazi.

Katika ukumbi, filamu hizi mbili huzaa mazungumzo tofauti. Baada ya Softie wanaume huzungumza kwanza, wanazungumza siasa, na ni vigumu kuwarudisha kwa Njeri. Kwa Tanzania ugumu huo umeongezeka. Mei 2025 Boniface Mwangi alikamatwa Dar es Salaam, alikokuwa amekuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, na siku chache baadaye akapatikana upande wa Kenya, karibu na mpaka huu huu wa kwetu. Mtu akiionyesha leo, watazamaji watazungumzia hayo kabla ya filamu kuisha, na anayeandaa onyesho ajue analolitafuta. Kama unatafuta hilo, basi hii ndiyo filamu yako, kwa kuwa ni nadra kumwona mgombea wa Afrika Mashariki akirekodiwa kwa ukaribu huu, akiwa amechoka, amenuna, anakosea mbele ya mkewe. Kama hulitafuti, itazame nyumbani na mwenzi wako, na mkimaliza mtakuwa na ya kuzungumza hadi usiku wa manane.

Baada ya Thank You for the Rain wanaoanza ni wanawake. Nimeona hivyo mara mbili, mara zote na watu wa vijijini, na mara zote aliyenyoosha mkono wa kwanza hakuzungumzia mvua bali kuni. Wanaume huja baadaye na maswali ya kiufundi, ya matuta, miche na mbegu zinazostahimili ukame. Filamu inayowafanya wote wawili wazungumze, kila mmoja kwa njia yake, bila yeyote kulazimika kujitetea, ni hazina kwa mwandaaji. Udhaifu wake ni sehemu za ughaibuni, ambazo zinarefuka kidogo na ambazo huwapoteza watoto. Hapo mtafsiri mzuri husaidia kwa kueleza kwa sentensi mbili mkutano ule unahusu nini.

Mto Kongo, na hesabu ambayo haijafungwa

En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi naiweka peke yake, kwa kuwa hailingani na nyingine na kwa kuwa, nikiulizwa ipi ni kazi bora ya sanaa kati ya zote sita, hii ndiyo ningeitaja. Hamadi ni mzaliwa wa Kisangani. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huo, yakawaua watu zaidi ya elfu moja na kuwajeruhi maelfu, wote wakiwa wenyeji ambao vita havikuwa vyao. Karibu miaka ishirini baadaye, chama cha wahanga kinaamua kusafiri kwa boti kwenye mto Kongo hadi Kinshasa, safari ya takriban kilomita 1,700, kwenda kuidai serikali fidia yao. Jina la filamu linatokana na bilioni ya dola waliyokuwa wakiisubiri.

Wasafiri hao wana miguu ya bandia inayowaumiza, magongo, na mikono iliyokatika, na wanapanda kwenye boti iliyojaa mizigo na watu. Mvua inapopiga katikati ya mto wanajifunika kwa turubai, wote chini ya plastiki moja, wakiishikilia kwa mikono waliyo nayo, na hakuna anayesema neno la busara. Wanagombana kuhusu nani anavuta upande gani. Wanataniana, wanatupiana lawama, wanaimba. Wanapofika Kinshasa, milango mikubwa haifunguki. Hamadi haelezi kwa sauti ya msimulizi, hatuwekei muziki wa kutuambia tulie, na kati ya safari anaingiza maonyesho ya jukwaani ambayo wahanga wenyewe wanaigiza yaliyowapata, hivyo kwamba mara wanapoacha kuomba kusikilizwa, wanakuwa wasanii wenye jukwaa lao.

Mtazamaji atataka kujua hesabu ilifikia wapi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda iliwajibika kwa maovu yaliyotendwa na majeshi yake nchini Kongo, na Februari 2022, baada ya filamu kutoka, ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Mwandaaji anapaswa kuwaeleza watu jambo hilo baada ya onyesho, kwa kuwa bila hilo wengi hutoka wakidhani safari ile haikuhusiana na sheria yoyote.

Filamu hii inawafaa watu wazima waliozoea kutazama kwa subira. Kwa wanafunzi wa sheria, wanahabari na wale wanaofanya kazi na wakimbizi, naipendekeza bila kusita. Kwa Wakongo walioko nje ya nchi yao, Kigoma, Nairobi au ughaibuni, ni filamu ya kwao, lakini kanuni ya kofia ya yule mtoto inarudi hapa pia: usiwakusanye watu waliokimbia vita pamoja na watu wasiokimbia, kisha uzime taa. Na usiipange kwa usiku ambao kuna mechi ya Simba na Yanga. Nusu ya ukumbi itaondoka kabla boti haijang'oa nanga, na hiyo nimeishuhudia.

Ile ya kuigiza

Supa Modo ya Likarion Wainaina inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyopona, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini kumrudisha nyumbani, dada yake hakubali kwamba siku zilizobaki ziwe za kulala kitandani, na kijiji kizima kinaishia kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Ni hadithi ya kubuni, na watu wengine hudhani kwa hiyo haistahili kuwekwa mezani na nyingine. Mimi naiweka kwa sababu moja: ndiyo pekee ninayoweza kuionyesha mbele ya watoto bila kuulizia kwanza ni nani yumo ukumbini, isipokuwa pale ambapo ninajua kuna familia yenye mgonjwa au msiba wa karibuni. Kuigiza humpa mtazamaji pazia. Anayelia, analilia Jo, na hakuna anayemgeukia jirani yake. Ubaya wake ni kwamba huzuia pia mjadala, maana watu hutoka na leso mkononi na hawataki kuongea, nami siwalaumu.

Alichochagua mwalimu

Kabla ya kumtajia jina, nilimkumbusha mambo mawili ya kiutaratibu: kwamba kuonyesha filamu hadharani huhitaji ruhusa ya wenye kazi, hata kama umeilipia kuitazama nyumbani, na watengenezaji wengi wa filamu za makala hujibu barua pepe na kutoa ruhusa kwa maonyesho ya kielimu, na kwamba kwa Tanzania aulize mapema utaratibu wa Bodi ya Filamu.

Kisha nikampendekezea The Letter. Watazamaji wa pwani, wazazi na vijana pamoja, lugha wanayoisikia, mada ya ukoo na shamba: nilidhani hakuna haja ya kufikiri zaidi. Alinipigia simu kesho yake. Alisema filamu ameitazama na ameipenda, lakini katika mtaa unaozunguka shule kuna bibi mmoja ambaye watu hunong'ona juu yake tangu mkwewe afariki dunia, na bibi huyo ndiye mlezi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwa jinsi anavyojali masomo ya mjukuu wake, lazima angekuja na angekaa mbele.

Tukakubaliana Thank You for the Rain, saa moja usiku, kwa kuwa projekta ya kuazima haishindi mwanga wa jioni. The Letter itaonyeshwa mwezi unaofuata kwa walimu peke yao, na wao ndio watakaoamua kama mtaa uko tayari. Bibi amekwisha kualikwa kwenye ile ya mvua, na amemtuma mjukuu aulize kama kutakuwa na viti vyenye migongo.